Meko ya ukutani yanabugia kuni na nyumba bado baridi: nipachike jiko la chuma au nizibe kabisa?

#1 Kipupwe
Wakuu, salaam.
Nimenunua nyumba ya zamani hapa Njombe mjini, ya matofali ya kuchoma. Sebuleni ina meko ya ukutani na dohani iliyotokeza juu ya bati. Aliyeijenga aliyapenda hayo meko, kayapamba kwa mawe ya mto mpaka darini. Shida ni kazi yake. Ukikaa mita moja kutoka kwenye moto magoti yanaungua huku mgongo unaganda, ukirudi kwenye kochi hujui kama kuna moto umewashwa. Kuni za milingoti zinaisha ovyo, na upepo ukigeuka moshi unarudi ndani. Mapazia yananuka kama banda la kukaushia tumbaku.
Sasa nimesikia kuna majiko ya chuma yanayopachikwa humo humo kwenye tundu la meko, yana mlango wa kioo na bomba lake linapita ndani ya dohani ya zamani. Jamaa mmoja Iringa analo lililotumika, anasema limeshuka na kontena kutoka Ulaya.
Vipimo: mdomo wa meko upana sm 95, kimo sm 75, kina sm 50. Dohani kwa ndani ni mraba wa 23 kwa 23. Sebule mita 6 kwa 5, dari iko mita 2.7.
Maswali yangu: lina faida au ni pambo tu? Nichukue la chuma cha kusubu au la bamba la kuchomelea? Na huu moshi unaorudi, litautibu?
Picha naweka mtandao ukitulia.

#2 Siti ya Mbele
Ngoja waje wenye dohani. Sisi wa Mbagala tunatafuta feni.

#3 Kigema
Mkuu, dawa ya baridi ya Njombe inagemwa kwenye mianzi tangu enzi za mababu. Wewe unahangaika na makontena ya Ulaya.

#4 Fundi Tofali
Kipupwe, vipimo vyako vimeshasema. Kwa meko ya wazi, tundu la dohani liwe walau sehemu moja ya kumi ya mdomo wa meko. Mdomo wako ni 95 kwa 75, sentimita za mraba 7,125. Dohani 23 kwa 23 ni 529. Moshi hauna pa kupita wote, unarudi kwako.
Kabla hujapeleka hela Iringa fanya hivi: washa moto kama kawaida, chukua kipande cha bamba kirefu kuliko upana wa mdomo, kiegemeze juu ya mdomo wa meko, ukishushe kidogo kidogo mpaka moshi uache kuchungulia sebuleni. Nakadiria utasimama kimo kikiwa kama 55. Hapo weka alama, kachomelee kizingiti cha kudumu. Kazi imeisha.

#5 Makete Ndani
Hesabu safi, ila Fundi umeruka kuni. Mtu kasema mwenyewe anachoma milingoti. Mlingoti uliokatwa juzi karibu nusu ya uzito wake ni maji. Angalia mwisho wa gogo likiwa motoni: likitoa povu na sauti ya kuchemka, moto wako wote unakwenda kukausha maji. Moshi unakuwa mzito, wa baridi, hauna nguvu ya kupanda dohani ya aina yoyote.
Kuni inapasuliwa, inapangwa chini ya bati pande zikiwa wazi, inakaa mpaka maji yashuke chini ya asilimia 20. Milingoti minene hata mwaka haitoshi kwa baridi letu hili. Ukitaka kujua, gongesha vipande viwili: kikavu kinalia kwa ukali, kibichi kinatoa mlio mzito uliokufa.
Sisi huku ni miwati tu. Gome lilienda kiwandani kutoa tanini, mti ukabaki kuni. Hakuna kuni kama hiyo nyanda za juu.

#6 Hewa Nyembamba
Wote mmesahau mko wapi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa pale ni pungufu kwa takriban moja ya tano ukilinganisha na Tanga. Dohani inavuta kwa sababu hewa ya moto ndani yake ni nyepesi kuliko ya baridi iliyo nje, na hewa yote ikiwa nyepesi ile tofauti nayo inashuka. Maelekezo ya majiko mengi yanataka dohani ya mita 4.5 au 5, lakini hayo yameandikiwa watu wa pwani na mabondeni. Wewe jazia kama mita moja.
Dohani yako ina urefu gani, Kipupwe?

#7 Siti ya Mbele
Kumbe ndiyo maana bia moja ya Njombe ni kama mbili za Dar. Asante mwalimu.

#8 Fundi Tofali
#6 Nimejenga dohani Mafinga na Lushoto miaka yote hiyo na sijawahi kupima kanieneo. Zinavuta.

#9 Hewa Nyembamba
#8 Kwa sababu unazijenga ndefu kwa mazoea, fundi. Mikono yako inajua kitu ambacho wewe unakikataa.

#10 Ukungu wa Limuru
Habari zenu ndugu wa Tanzania. Mimi niko Limuru, tuko juu zaidi ya Njombe, na hizi nyumba za mashamba ya chai karibu kila moja ina meko ya wazi. Yetu tulipachika jiko la chuma, na tofauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia.
Meko ya wazi yanavuta hewa ya chumba kizima kwa wingi na kuitupa juu. Hewa uliyoipasha ndiyo inayotoka, na badala yake baridi inaingia kupitia chini ya mlango. Ndiyo sababu mgongo unaganda. Ukifanikiwa kubaki na sehemu moja ya kumi ya joto la kuni zako, umebahatika. Jiko lililofungwa lenye kioo linabakisha kati ya asilimia 65 na 80, kwa sababu wewe ndiye unayeamua hewa iingie kiasi gani.
Na wakati ule wa marufuku ya kukata miti, kuanzia 2018 mpaka 2023, bei ya kuni huku ilipanda sana, kwa hivyo hatukuwa tunacheza.

#11 Mzee wa Dili
Mnazunguka sana. Chukua jiko la mkaa, liweke katikati ya sebule, funga madirisha, asubuhi unaamka umepasha nyumba nzima. Elfu kidogo tu.

#12 Muuguzi wa Zamu
#11 Asubuhi huamki. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, inapita damuni na kukunyang'anya oksijeni ukiwa usingizini. Kila msimu wa baridi tunapokea familia za namna hiyo, na wengine wanafika tumeshachelewa. Usitanie jambo hili kwenye uzi ambao watu wanatafuta ushauri.
Kipupwe, jiko lolote utakaloweka, nunua na king'ora cha hiyo hewa, kile cha betri.

#13 Mzee wa Dili
Nimesikia, dada. Nafuta kauli.

#14 Dada wa Bergen
Salaam kutoka kwenye mvua. Huku Norwe jiko la kuni liko kwenye nyumba nyingi, na mji wetu tangu Januari 2021 umepiga marufuku majiko ya kuni ya zamani, yale ya kabla ya kanuni ya uchomaji safi ya 1998. Kwa hiyo swali la kwanza kwa huyo jamaa wa Iringa: limetengenezwa mwaka gani? Nawaza tu kwa sauti, majiko yanayokatazwa huku yanakwenda wapi?
Jiko jipya linapuliza hewa ya moto sehemu ya juu ya chemba, juu ya ndimi, kwa hiyo ule moshi wenyewe unawaka kabla haujafika kwenye bomba. La zamani halina hiyo. Piga magoti uchungulie kwa tochi: ukiona mabomba au bamba lenye vitundu vidogo vilivyopangwa mstari karibu na dari ya chemba, ni la kizazi kipya.
Halafu huku tunawasha kutoka juu. Magogo makubwa chini, membamba juu yake, vijiti na kiberiti juu kabisa. Moto unashuka taratibu, moshi wa mwanzo unapungua sana.

#15 Kigema
Kuwasha moto kutoka juu? Bibi yangu akiona hilo ataitisha kikao cha ukoo.

#16 Mbeba Boksi
Mimi niko Minnesota, mkisema baridi nawasikiliza tu.
Niongezee kwa Dada wa Bergen. Marekani tangu Mei 2020 jiko jipya haliruhusiwi kuuzwa likitoa zaidi ya gramu 2 za chembe za moshi kwa saa, au 2.5 kama limepimwa kwa kuni za kawaida za kupasua. Kila jiko lina kibati nyuma au ubavuni chenye takwimu zake. Kama la Iringa kibati kimeng'olewa, achana nalo.
Sasa jambo ambalo wauzaji hawasemi: jiko la kupachika limezungukwa na tofali pande tatu, na joto lake jingi linabaki ukutani. Ndiyo maana mengi yana feni ya kusukuma hewa ya moto ije mbele. Umeme ukikatika feni imesimama, na wewe umebaki na ukuta wenye joto zuri sana. Kama kwenu umeme unakatika usiku, tafuta lile ambalo uso wake umetokeza mbele ya ukuta sentimita kadhaa, siyo lile lililozama likalingana na mawe. Halipendezi kwenye picha ila linapasha.
Na je, dohani iko ukuta wa nje au katikati ya nyumba? Ikiwa ya nje, ziba juu ya jiko kwa bamba na sufi ya mwamba (ile ya kuzuia joto lisipite), la sivyo unapasha bustani.

#17 Welda wa Mafinga
Wakuu mnateseka na makontena wakati vijana wapo. Natengeneza hayo majiko kwa bamba la milimita 6, mlango, kioo, bomba, kila kitu. Kazi nyingi zipo. Bei njoo PM.

#18 Siti ya Mbele
#17 Kwa nini bei ni siri? Unauza jiko au unauza figo?

#19 Hewa Nyembamba
#17 Kioo gani, mkuu? Na bomba gani?

#20 Welda wa Mafinga
Kioo cha milimita 8, kigumu kabisa, kile cha milango ya maduka. Bomba la maji la inchi 6, lile jeupe.

#21 Hewa Nyembamba
Basi tusimame hapo hapo. Kioo cha milango ya maduka kikipita nyuzi 250 au 300 kinaanza kupoteza ugumu wake, na siku moja kinamwagika kama chumvi juu ya zulia na makaa nyuma yake. Cha jiko ni kioo cha kauri, kinahimili mpaka nyuzi 700 hivi. Na hilo bomba jeupe lina zinki. Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe unaoleta homa na kifua kubana, wewe welda unaujua vizuri kuliko mimi.

#22 Welda wa Mafinga
Huo moshi naujua, tunakunywa maziwa. Sawa, bomba nitabadilisha. Kioo cha kauri napata wapi huku?

#23 Mbeba Boksi
#22 Hata maziwa hayatibu, ndugu yangu, chomelea nje penye upepo. Kioo kinaagizwa kwa kipimo. Au tengeneza mlango wa chuma mtupu usio na kioo, moto hauhitaji kutazamwa ili upashe.

#24 Ukungu wa Limuru
#23 Hapo wengine hatukubaliani. Nusu ya raha ni kuuona.

#25 Kipupwe
Asanteni sana, sikutegemea. Majibu:
Dohani kutoka sakafu ya meko mpaka mdomo wa juu ni mita 4.2. Iko ukuta wa nje, upande wa kusini. Nimejaribu bamba la Fundi Tofali (#4): kwenye kimo cha 57 moshi uliacha kutoka kabisa. Ila joto ni lile lile, sijaona tofauti kwenye kochi. Jamaa wa Iringa ametuma picha ya kibati: kilowati 8, mwaka hausomeki.
Madirisha ni ya luva, kama mnauliza.

#26 Fundi Tofali
Moshi umekoma? Uzi ufungwe.

#27 Makete Ndani
Ulichoma kuni zile zile siku hiyo?

#28 Kipupwe
#27 Nilichukua za jirani, alikuwa na miwati mikavu.

#29 Makete Ndani
Hahaha! Fundi, rudi hapa. Zilikuwa kuni.

#30 Fundi Tofali
Ubishi tu. Arudie na milingoti.

#31 Dari Kwanza
Nimesoma mpaka nikafika kwenye luva. Wakuu, mnabishana kuhusu jiko ndani ya nyumba yenye madirisha yasiyofunga! Luva hata ukizilaza zina nafasi kati ya kila kipande. Kwanza weka madirisha yanayofunga au bana kwa karatasi ya nailoni msimu wa Juni mpaka Agosti, ziba chini ya milango, tandika kitu juu ya dari. Mtu akinunua kilowati 8 halafu joto linatoka kwa luva, amenunua moto wa kupashia Njombe nzima.

#32 Mbeba Boksi
#31 Kweli, lakini ukiziba kila kitu jiko litapata wapi hewa? Jiko linalowaka linahitaji hewa ya kuingia. Nyumba ikibana sana, moshi unarudi kwa sababu dohani haina cha kuvuta. Wengine wanachimba tundu dogo ukutani karibu na jiko kuleta hewa ya nje moja kwa moja.

#33 Siti ya Mbele
Kwa hiyo azibe matundu, kisha atoboe tundu. Nimeelewa, naendelea kusoma.

#34 Mwana Hesabu
Kuhusu kilowati. Waingereza wana kanuni ya haraka: gawa ujazo wa chumba kwa 14. Sebule yake ni 6 × 5 × 2.7, yaani mita za ujazo 81, inakuja kama kilowati 5.8. Ile 8 ni kubwa. Mtu akishaona joto limezidi anabana hewa, moto unafuka badala ya kuwaka, kioo kinakuwa cheusi, na lami inajipaka ndani ya bomba. Hiyo lami ndiyo inayokuja kushika moto siku moja na kuunguza paa.

#35 Dada wa Bergen
#34 Kanuni hiyo ni ya nyumba iliyozibwa vizuri. Kwa luva na dari tupu, 8 si mbaya. Tatizo ni siku atakapoziba.

#36 Bustani ya Usambara
Wadau, naingia kidogo kutoka Lushoto. Nyumba tuliyopanga ni ya tangu Wajerumani, na meko yake yalikuwa yanarudisha moshi mpaka tukayaacha. Hesabu zote hizi tulipigiwa. Siku fundi alipopanda juu akakuta nyuki wamejenga dohani nzima, masega marefu kama mkono. Panda uchungulie kabla ya kununua chochote.

#37 Kigema
Asali mlikula?

#38 Bustani ya Usambara
Ndoo mbili. Ina ladha ya moshi.

#39 Mzee wa Dili
Kwetu alikuwa bundi. Mama alikataa moto usiwashwe tena mpaka mchungaji aje.

#40 Siti ya Mbele
Bundi naye anatafuta joto tu jamani, msimsingizie.

#41 Msomaji Mkongwe
Mimi naona mmeruka njia ya tatu. Si lazima meko ya wazi yawe mabaya. Benjamin Franklin alishalitatua hili: meko yawe na kina kifupi, kuta za pembeni zifunguke kwa mshazari zirushe joto chumbani, na koo la dohani liwe jembamba. Meko ya Kipupwe yana kina cha 50 na nadhani kuta zimenyooka. Akijenga upya kwa matofali ya moto ndani ya tundu lile lile, anapata joto bila jiko la chuma.

#42 Mwana Hesabu
#41 Hiyo ni ya Count Rumford, aliandika mwaka 1796. Franklin ndiye wa kasha la chuma, alichapisha maelezo yake 1744. Kwa hiyo Franklin yuko upande wa Ukungu wa Limuru.

#43 Msomaji Mkongwe
Shukrani kwa masahihisho. Hoja yangu ya matofali inabaki.

#44 Fundi Tofali
#41 Hoja nzuri kuliko zote tangu jana. Matofali tunayo, mikono tunayo.

#45 Ukungu wa Limuru
#44 Fundi, hata ya Rumford bado ni moto wa wazi. Usiku ukilala dohani inaendelea kufyonza.

#46 Kipupwe
Jumamosi nakwenda Iringa kuliona. Nikague nini?

#47 Dada wa Bergen
Ingiza tochi inayowaka ndani, funga mlango, zima taa za chumba. Mwanga ukichungulia kwenye maungio, hewa nayo inapita. Kisha bana noti kwenye mlango ukiwa umefungwa, ivute. Ikitoka bila kukaza, ile kamba ya kuzibia imechoka, ila inabadilishika. Angalia bamba la juu ndani ya chemba kama limepinda, hiyo ni dalili ya kuchomwa kupita kiasi. Kama ni chuma cha kusubu, tafuta nyufa. Ndiyo maana wengine wanaogopa kusubu kilichotumika: hakipindi, kinapasuka. Lakini kinatunza joto muda mrefu baada ya moto kufa, mimi sikibadilishi.

#48 Welda wa Mafinga
Bamba likipasuka nachomelea. Kusubu kikipasuka unaita nani?

#49 Siti ya Mbele
Kubana noti: tumia ya elfu kumi, na umshikishe muuzaji tochi asiizoee.

#50 Mbeba Boksi
Na bomba. Usikubali jiko likasukumwa tu kwenye tundu huku moshi ukiachiwa dohani nzima ya 23 kwa 23. Mdomo wa jiko pengine ni milimita 150, moshi ukiingia ghafla kwenye nafasi mara tatu ya hiyo unapoa, hauvuti, na lami inaganda hasa kwa dohani ya ukuta wa nje kama yako. Bomba la chuma kisichoshika kutu lipande mpaka juu kabisa, na kofia ya kuzuia mvua.

#51 Hewa Nyembamba
Na ukifika juu, ongeza urefu. Mita 4.2 kwa mwinuko huo ni fupi, kwa meko ya wazi na kwa jiko pia. Sibadilishi hapo.

#52 Fundi Tofali
Moshi umekoma kwenye 57, mkuu, na dohani ni ile ile ya mita 4.2.

#53 Makete Ndani
Umekoma kwa miwati.

#54 Kuni Kavu Makambako
Habari. Nina miwati iliyopasuliwa, imekaa chini ya bati tangu mvua zilizopita. Nashusha Njombe, fuso au nusu fuso. Bei PM.

#55 Siti ya Mbele
Weka hapa bei, watu wanaganda.